Msichana Tuliyemwacha Kisimani

Juzi binti yangu kanionyesha simu yake. Anasema siku hizi wachapishaji wanagawa vitabu bure, unabonyeza tu kinaingia kwenye simu, ukishanogewa na cha kwanza unanunua cha pili. Anavyonieleza utadhani jambo limebuniwa jana. "Mama, ni mbinu mpya ya kuvuta wasomaji." Mpya! Nikamwambia akae chini. Mbinu hiyo mimi niliifanya hapahapa Dodoma enzi za ruksa, wakati hata simu ya waya tulikuwa tukienda kuiomba kwa watu, na nusura inikoseshe kitabu na mama mkwe kwa pamoja.

Asiyeikumbuka Dodoma ya miaka ile hawezi kunielewa. Milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa. Sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni sasa imejaa mpaka kwenye meza za njiani, mitumba imemwagwa chini, kila mwenye ukuta katoboa dirisha kafanya duka. Na sisi wa mashirika ya umma tukaanza kupunguzwa. Mimi nilikuwa muuzaji katika duka la vitabu la shirika. Tukaambiwa shirika halijiwezi tena, tukapewa kiinua mgongo na maneno mazuri ya kuagana. Wenzangu wakanunua cherehani, wengine wakafungua genge, mmoja akafuga kuku wa kisasa. Mimi nikasema nitachapa vitabu. Mume wangu alikuwa mtu wa reli, leo Tabora kesho Kigoma. Akaniuliza, "Vya shule?" Nikamwambia hapana, vya hadithi. Akavaa viatu vyake akaenda kazini.

Nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Kikuyu, na mwenye nyumba hasa alikuwa mama mkwe wangu, Mungu amrehemu. Alitoka katika zile koo za wafanyabiashara wa zamani wa mjini, mama wa swala tano, buibui limenyooshwa pasi, lakini ujana wake wote aliumalizia kwenye kisomo cha watu wazima. Alikuwa akidandia malori kwenda vijiji vya upande wa Makutupora kuwafundisha akina mama wa Kigogo kusoma na kuandika. Ukali wake ulijulikana kote huko. Kitabu cha kisomo kilikuwa mali ya serikali: unakipokea kwa mikono miwili, unakirudisha safi, na cha pili hupewi mpaka usimame mbele yake usome cha kwanza bila kubabaika. Na mimi, mke wa mwanawe, alinifundisha kupika pilau kwa mtindo huohuo. Hatukuwa tunaiva chungu kimoja. Mimi nina mdomo, yeye alikuwa na jicho, na nyumba yenyewe haikuwa kubwa.

Habari kwamba nataka kuchapa hadithi zilimfikia. Kesho yake mchana nimekaa uani nachambua mchicha, akaja akanitupia mapajani furushi la karatasi zilizoandikwa kwa mkono, mwandiko wa ubaoni, umenyooka. "Wewe si unajifanya mtu wa vitabu? Soma." Kisha akaingia ndani kulala.

Nilianza kusoma kwa kiburi, namtafutia makosa. Maharage yalikuwa jikoni, yakaungua sina habari. Ilikuwa hadithi ya msichana aliyeolewa mwaka wa ukame, akagombana na mama mkwe wake mpaka wakawa hawasalimiani, akatoka kwenye ile nyumba akaenda porini kuchimba kisima chake mwenyewe ili asimwombe mtu maji. Jamani, yule mama alijua kuandika! Nilipomaliza jua lilikuwa limeshageuka upande wa pili wa ua, na moshi wa maharage umenijaa kichwani. Alitoka chumbani, akanusa, akatazama sufuria, akaniuliza, "Basi?" Nikamwambia, "Nakichapa." Sikutaka kumsifu.

Sharti lake lilikuwa moja, jina lake lisiwepo kwenye jalada. Alikuwa anaogopa. Asingekubali kulisema hilo hata kwa fimbo, lakini mimi niliishi naye, niliona. Mwanamke wa heshima, mjane, mwalimu wa watu, aje asikie wanawake wenzake sokoni wakimcheka kwamba uzee umempanda kichwani anatunga hadithi? Kama kitabu kingependwa, sawa. Kama kingechekwa, hakuna ambaye angejua ni chake.

Sasa, mimi niliyeuza vitabu miaka yote ile nilijua jambo ambalo yeye hakulijua. Watu wetu walikuwa wananunua kitabu mwalimu wa shule akiagiza, basi. Hadithi ilikaa rafuni mpaka mende wakaijua. Ningefanyaje? Jawabu nililipata mnadani. Lilikuja gari la kampuni ya sabuni, spika juu, wanarusha vipakiti vidogo vya sabuni ya unga bure, watu wanakanyagana. Wiki iliyofuata kila duka linaulizwa sabuni ileile. Nikarudi nyumbani nakimbia. Nitakikata kitabu mara mbili! Sehemu ya kwanza nitaigawa bure, ya pili nitaiuza. Na nilijua pa kukata. Kuna mahali msichana yuko chini ya kisima alichokichimba, kamba imekatika, giza linaingia, na huko juu anasikia nyayo za mtu zikija. Hapo. Nukta.

Nilipomwambia mama mkwe, aliniwakia.

"Unamwacha mtoto wa watu kisimani?"

"Kwa muda tu, Mama. Watakuja kumtafuta."

"Wasipokuja?"

"Watakuja."

"Cha bure nani anakithamini? Ukikigawa bure umewaambia hakina maana. Wewe hukukielewa kitabu hiki."

Hapo mdomo ukaniponyoka. Nikamwambia, "Mama, kitabu chako nimekisoma mara nyingi kuliko wewe uliyekiandika! Nimekisahihisha nukta kwa nukta!"

Akaniangalia kwa lile jicho lake. "Kusoma umesoma," akasema. "Kusikia bado."

Tulinuniana. Chai ananimiminia, haninyooshei, anaiweka mezani naichukua mwenyewe. Mwishowe alikubali, lakini kwa masharti ambayo mpaka leo sijayasahau. Vitabu vilipotoka kwa mpiga chapa, kila sehemu peke yake, yalikuwa ni mavuno ya zabibu ya Agosti. Akasema gawa hicho kipande chako. Mpaka vibarua wanamaliza kuvuna, kama hajatokea hata mtu mmoja kumuulizia yule msichana, vipande vya pili vyote anavifanya kuni. Akayahamisha mwenyewe maboksi ya sehemu ya pili kutoka sebuleni, akayapanga kwenye banda la jikoni, karibu na mafiga. Si mtu wa utani, nilijua. Na zile karatasi zilizoandikwa kwa mkono alishazichana siku chapa ilipotoka, akisema hazina kazi tena. Zile za jikoni zikiungua, msichana hatoki kisimani milele.

Nikaanza kugawa. Mjini niliwapa wauza duka, mafundi, wasafiri pale stendi, wanafunzi wakubwa. Wengine walipokea, wengine wakaniuliza ni dini gani, kwa sababu kijitabu cha bure watu walikijua ni cha mahubiri. Mzee mmoja wa Ipagala aliniuliza ninagombea nini. Siku ya kwenda kwenye mashamba ya zabibu Makutupora, mama mkwe akavaa buibui lake akapanda gari nyuma yangu. Nikashangaa. "Nakuja kuona unavyokidhalilisha," akasema.

Akina mama vibarua walipomwona, wee! Visu chini, vikapu chini. "Mbukwa, mwalimu! Mbukwa!" wakamsalimu kwa Kigogo. Wengi walikuwa wanafunzi wake wa zamani. Mimi nikapaza sauti, "Ni bure! Chukueni, ni vyenu!" Hakuna aliyenitazama. Walijipanga mstari wenyewe, mbele yake, si mbele yangu. Naye, mazoea yana nguvu, akanipokonya vile vitabu akaanza kugawa yeye. Kila mmoja anapiga goti kidogo, anapokea kwa mikono miwili. Na kila mmoja anaambiwa, "Usikunje ukurasa. Mikono ya zabibu usikishike." Nilitaka kumwambia aache, hiki si kitabu cha kisomo. Lakini tulikuwa tumenuniana, nikabaki namshikia boksi.

Kisha tukasubiri.

Nilifungua kimeza mbele ya nyumba, nikaweka nakala chache za sehemu ya pili, nikakaa. Upepo wa Dodoma unajua kazi yake, kila nikifuta vumbi linarudi. Watu wanapita, wananisalimu, wananiuliza kama nina kalamu. Kila jioni mama mkwe alitoka, akasimama mlangoni, akatazama ile meza, akarudi ndani.

Siku moja akaagiza karanga sokoni. Zikaja zimefungwa kwenye karatasi, akazimwaga sahanini, akaona. Ilikuwa ukurasa wa kitabu chake. Aliunyoosha kwa kiganja juu ya goti, akausoma wote, akaukunja, akauweka kifuani. Karanga hakuzigusa. Mimi nilikuwa nimesimama pale na birika mkononi, nikajiona nimekuwa mdogo. Ningempa nini? Nikasema, "Mama, huyo ni muuza karanga tu." Akasema, "Nimeona ni muuza karanga."

Nikashindwa kuvumilia, nikaenda Makutupora peke yangu kuangalia. Ilikuwa saa ya mapumziko ya mchana. Nikawaona kwa mbali, wamekaa kikundi kivulini mwa mizabibu, mmoja anasoma kwa sauti, wengine wameinama. Nikaongeza mwendo. Basi mmoja akageuka akaniona, akasema neno kwa Kigogo, na palepale vitabu vikatoweka. Vingine chini ya vikapu, vingine ndani ya khanga. Nilipofika wamekaa mikono mitupu wananitazama.

"Kitabu vipi?" nikauliza.

"Kizuri," akasema mama mmoja mwembamba, mrefu, mwenye kovu kwenye kidevu. Akatazama chini.

"Hamtaki kujua mbele kuna nini?"

Wakatazamana. "Bado," akasema yule mama. "Mwambie mwalimu tunamsalimu sana."

Bado! Nikarudi mjini. Nikajua wanacheka, au wanaona aibu kunieleza kwamba hakikuwapendeza. Mtu hafichi kitu anachokipenda, au sivyo? Salamu nilizifikisha. Mengine nikayameza. Mama mkwe aliniuliza tu kama zabibu zimebaki nyingi shambani. Nikamwambia zimebaki kidogo.

Zikaisha. Habari ilikuja yenyewe, malori ya mwisho yalipita barabarani na vibarua wanaimba juu yake. Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi, natoka chumbani, nasikia karatasi ikichanwa.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni, bandani, boksi la kwanza liko wazi ubavuni mwake, hata zile nakala za mezani kazirudisha humo. Amebandika maharage. Anachukua kitabu, anakichana katikati, anakisukuma kati ya mafiga, anasubiri kishike, anachukua kingine. Hakuwa analia. Ningemwona analia ningejua la kufanya. Nikamwambia, "Mama, tuwape wiki moja." Akasema ahadi ni ahadi. Nikamwambia, "Basi niachie kimoja." Akasema, "Cha nini? Si umekisoma mara nyingi kuliko mimi?"

Wallahi nilikasirika, na sikujua nimemkasirikia nani. Nilikuwa nataka kumnyang'anya lile boksi, mkwe au si mkwe. Nilikuwa nimeshapiga hatua. Ndipo tukasikia hodi.

Walikuwa wao. Akina mama wa Makutupora, wameoga, wamevaa nguo za kanisani, wamekuja na kikapu cha zabibu na kuku mmoja. Wakaingia uani wakapiga goti, shikamoo mwalimu, wakakaa mkekani. Yule mwenye kovu kidevuni akafungua fundo la khanga. Ndani kuna vile vijitabu, kila kimoja kimevalishwa jalada la mfuko wa saruji, limekatwa vizuri na kushonwa kwa uzi. Havikuwa na doa. Akavipanga mbele ya mama mkwe.

"Tumerudisha, mwalimu," akasema. "Vyote vipo. Tumekuja kupimwa."

Mama mkwe alikuwa amesogeza kigoda mpaka mlangoni mwa banda, bado ana kitabu mkononi nusu kimechanwa. Akakificha chini ya khanga yake. "Kupimwa nini?"

"Kusoma. Tulikuwa bado hatujawa sawa, wengine tulishasahau herufi, miaka mingi. Ndiyo tukawa tunafundishana shambani." Akanigeukia mimi, akacheka kwa haya. "Huyu dada alikuja akatukuta hatujaweza. Tukaogopa atakwambia. Sasa tumeweza. Utupime, utupe cha pili."

Nikakaa palepale kwenye vumbi. Kumbe! Hakuna kati yao aliyeelewa kwamba kitabu amepewa moja kwa moja. Kama mwalimu ndiye aliyekigawa, basi ni cha mwalimu, na cha pili hakiombwi, kinasomewa. Mimi napiga kelele bure, bure, na wao wanajifunza upya kusoma kwa ajili ya yule msichana.

"Soma," akasema mama mkwe.

Mama yule akasimama, akashika kitabu kwa mikono miwili, akasoma ukurasa wa mwisho. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, na wenzake wakitembeza midomo kwa sababu walikwisha kuujua kwa moyo. Kamba ikakatika. Giza likaingia. Nyayo zikaja. Akafunga kitabu.

"Mwalimu, nisamehe niseme," akasema. "Aliyeandika hiki hana huruma. Kamwacha mtoto mle ndani, na sisi tumelala na wasiwasi mavuno yote. Ni nani huyo juu? Hawa wanasema ni mume wake. Mimi nakataa."

Mama mkwe akavuta khanga, akakifunika zaidi kile kitabu kilichochanwa.

Sasa, mwanamke wa Kigogo, na wa mjini pia, hakai mkekani wakati chungu cha mwenyeji kinataka kuzimikiwa moto. Yule mama aliona maharage yametulia, akainuka kama yuko kwake, akaingia bandani kuchochea. Nilitaka kumzuia, nikachelewa. Akainama. Akasukuma ukuni. Kisha akabaki ameinama vilevile, anatazama ndani ya moto, na midomo yake ikaanza kutembea.

Alikuwa anasoma.

"Mwalimu!" Alipiga ukelele. "Mwalimu, si ndicho hiki?" Na akaingiza mkono, mkono mtupu, kwenye mafiga, akavuta karatasi inayowaka, akaipiga kwenye paja lake, akaikanyaga, akaiokota tena. Wenzake wakamvamia. Kiganja kilikuwa kimebabuka na hakukitazama hata kidogo. Kando za karatasi zilikuwa nyeusi, katikati ilibaki. Akaisoma kwa sauti, anahema, pale pale jikoni, moshi unatutoa machozi.

"Juu ya kisima alisimama mama mkwe wake. Alikuja peke yake, hakumwambia mtu. Alifungua khanga aliyojifunga, akafungua na ya kichwani, akazifunga moja kwa nyingine, akaziteremsha gizani. Akasema, shika, mwanangu. Nimekutafuta tangu asubuhi."

Akina mama wakapiga vigelegele. Mmoja akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, akisema nilijua, nilijua.

Ukurasa ule mimi niliupitia mara ngapi? Nilitafuta mikato. Nilirekebisha herufi kubwa. Niliupenda hata, kama mtu anavyopenda kazi nzuri ya mtu mwingine. Nikamtazama mama mkwe, kitabu kilichochanwa kimechungulia chini ya khanga yake, naye hakunitazama.

Akainuka. Akanyanyua ndoo ya maji ya kunywa, yale tuliyonunua kwa mkokoteni na ambayo alikuwa akinigombeza nikizidisha kikombe, akayamwaga yote kwenye moto. Jivu likaruka, sufuria ikainama, maharage mabichi yakatapakaa sakafuni. Akalifunika boksi kwa mikono yake miwili. Tukakohoa wote.

"Rudia kusoma," akamwambia yule mama. "Polepole. Huyu mkwe wangu bado hajasikia."